Moyo kusimama ghafla: Mwanamke haanguki kama mwanamume

MCHEZAJI anakimbia katikati ya uwanja, anapunguza mwendo, kisha anaanguka bila kuguswa na mtu yeyote. Kwa wengi hiyo ndiyo sura ya moyo unaosimama ghafla, na anayeonekana akianguka karibu siku zote ni mwanamume.

Juni 26, 2003 alikuwa Marc-Vivien Foé, kiungo wa Cameroon mwenye umri wa miaka 28, aliyeanguka mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, na kufariki dunia. Machi 17, 2012 alikuwa Fabrice Muamba wa Bolton ya Uingereza, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga sawasawa kabla ya kurejea. Juni 12, 2021 alikuwa Christian Eriksen wa Denmark, aliyeokolewa palepale uwanjani mjini Copenhagen.

Hata nje ya soka majina yanayotajwa ni ya wanaume. Juni 2020 Serikali ya Burundi, nchi jirani na Mkoa wa Kigoma, ilitangaza kwamba Rais Pierre Nkurunziza amefariki dunia baada ya moyo wake kusimama.

Kigoma ni mji wa soka. Mashujaa FC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 na nyumbani kwake ni Uwanja wa Lake Tanganyika, hivyo majina ya Foé na Muamba hayahitaji maelezo marefu katika vijiwe vya Mwanga na Ujiji. Lakini mazoea ya kuutazama ugonjwa huu kwa sura ya mwanasoka yanawaponza wanawake. Moyo wa mwanamke nao husimama, ila mara nyingi kwa chanzo kingine, kwa dalili nyingine na mahali pengine: nyumbani, mbele ya watu ambao hawakulitarajia jambo hilo hata kidogo.

Si presha wala si kifafa

Katika mazungumzo ya kila siku, mambo mawili huchanganywa na kuitwa kwa jina moja la presha.

La kwanza ni mshtuko wa moyo. Hapa mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo umeziba, na sehemu ya msuli huo inaanza kufa. Mgonjwa huwa na maumivu, jasho au kichefuchefu, lakini anaweza kuwa ameketi na anazungumza.

La pili ni moyo kusimama. Hii ni hitilafu ya umeme wa moyo. Vyumba vya chini, ambavyo kazi yake ni kusukuma damu, huanza kutetemeka ovyo au hutulia kabisa. Katika muda wa sekunde chache mtu hupoteza fahamu. Haitiki akiitwa, wala hapumui kawaida. Wengine hukoroma au huhema kwa kukatiza, na baadhi hutikisika mwili kwa muda mfupi, jambo linalowafanya walio karibu wadhani ni kifafa na kuanza kutafuta kijiko cha kumtia mdomoni.

La kwanza linaweza kuzaa la pili, lakini si lazima. Moyo waweza kusimama kwa mtu ambaye mishipa yake haina tatizo lolote.

Kinachofuata ni hesabu ya dakika. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila mashine ya kuushtua moyo kwa umeme, yaani difibrileta, nafasi ya mgonjwa kupona hupungua kwa asilimia kati ya 7 na 10. Baada ya dakika kama 5 ubongo huanza kuharibika kwa namna isiyorekebishika.

Wanaume wengi zaidi, wanawake hupona kwa nadra

Mahali ambapo kumbukumbu za wagonjwa wa aina hii huhifadhiwa kwa makini, wanaume huwa wengi zaidi. Katika Mkoa wa Noord-Holland, Uholanzi, watafiti walifuatilia watu 5,717 waliojaribiwa kuokolewa nje ya hospitali kati ya mwaka 2006 na 2012. Wanawake walikuwa asilimia 28 tu.

Mtu angesema basi wanawake wana ahueni. Matokeo yaliyobaki ya utafiti huohuo, uliochapishwa mwaka 2019, yanakataa. Wanaume waliotoka hospitali wakiwa hai walikuwa asilimia 20.1, wanawake asilimia 12.5.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo katika aina ya hitilafu iliyokutwa na waokoaji. Kwa wanaume, asilimia 52.7 walikutwa moyo ukiwa bado unatetemeka, hali ambayo mashine inaweza kuirekebisha. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 33.7. Wengine moyo ulikuwa umekwishatulia, na hapo mashine haina la kufanya.

Kwa nini iwe hivyo? Wanawake wanaopatwa huwa na umri mkubwa zaidi kwa wastani, na magonjwa yanayousimamisha moyo wao mara nyingi si ya mishipa iliyoziba. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haihusu maumbile: mtetemo huo haudumu. Moyo usiposaidiwa haraka, hutulia. Anayefikiwa kwa kuchelewa hukutwa katika hali mbaya zaidi, na utafiti huo ulionyesha kuwa waliokuwepo walijaribu kuwaokoa wanawake kwa asilimia 67.9 ya matukio, dhidi ya asilimia 72.7 kwa wanaume.

Uholanzi, hata hivyo, ni nchi ambayo gari la wagonjwa hufika kwa dakika chache. Picha iliyo karibu zaidi na maisha ya mji kama Kigoma ilitoka Douala, Cameroon. Huko madaktari walifuatilia wakazi 86,189 wenye umri wa zaidi ya miaka 18 kwa muda wa miezi 12, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Vilitokea vifo 288, na kati ya hivyo 27 vilitokana na moyo kusimama ghafla. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 walianguka mbele ya watu, na mara nyingi watu hao walikuwa ndugu zao. Waliojaribiwa kukandamizwa kifua ni asilimia 3.7, yaani mtu mmoja.

Ndugu walikuwapo, waliona, na hawakujua la kufanya.

Aliyefia nyumbani Ujiji huzikwa siku ileile au kesho yake kama dini inavyofundisha, na mara chache sana mwili wake huchunguzwa. Chanzo cha kifo huachiwa mazungumzo ya matangani: presha ilimpanda, alipokea habari mbaya, kuna mkono wa mtu. Mwanamke ambaye hakuwahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo huhesabiwa katika mojawapo ya hayo matatu.

Chanzo si kimoja

Kwa wanaume wa Ulaya na Marekani chanzo kikuu ni mishipa ya moyo iliyoziba kwa mafuta. Mwanamke hufika huko pia, lakini kwa kuchelewa kwa takriban miaka 10, kwa kuwa kabla ya kukoma hedhi homoni zake humpa kinga ya kiasi. Tumbaku huongeza pengo. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 14.6 ya wanaume watu wazima walikuwa wakitumia tumbaku, dhidi ya asilimia 3.2 ya wanawake.

Mwambao una mambo yake pia. Uvuvi wa dagaa hufanywa usiku, kwa taa, na wanaolala majini ni wanaume. Mtu aliyezama moyo wake husimama kwa kukosa hewa, si kwa hitilafu ya umeme. Ndiyo maana msaada wake huanza kwa kupuliziwa pumzi, kisha kifua. Vivyo hivyo radi, ambayo si ngeni katika ukanda huu wa ziwa: huusimamisha moyo kwa mpigo mmoja, na mara nyingine moyo hurejea wenyewe ilhali pumzi bado imekatika. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini na anaweza kuguswa mara moja.

Kwa wanawake orodha hubadilika. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwachunguza wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kufanya kazi ipasavyo. Wanawake walikuwa asilimia 51. Chanzo cha kwanza kilikuwa shinikizo la damu kwa asilimia 45, kikifuatiwa na magonjwa ya msuli wa moyo asilimia 28, kisha ugonjwa wa vali utokanao na homa ya baridi yabisi asilimia 12. Mishipa iliyoziba ilikuwa asilimia 9 tu.

Moyo uliochoka na kutanuka ni moyo ulio katika hatari ya kusimama. Kwa hiyo swali la kwa nini moyo wa mwanamke wa Kigoma husimama huanzia katika magonjwa hayo matatu.

Shinikizo la damu linajulikana, ingawa kujulikana huko hakujawafanya watu walipime. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wanalo. Katika mkoa wenye chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa na kuuzwa kwa karne nyingi, na samaki wanaohifadhiwa kwa chumvi, ushauri wa kupunguza chumvi ni rahisi kuutoa kuliko kuufuata.

Ugonjwa wa vali una historia ndefu zaidi kwa mgonjwa. Huanza utotoni kwa maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria, yasiyotibiwa au yaliyotibiwa nusu dozi. Mwili wa mtoto, katika kupambana na bakteria hao, huzishambulia vali za moyo wake wenyewe. Uchunguzi uliopewa jina la REMEDY, uliowahusisha wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ulionyesha kuwa theluthi mbili walikuwa wa kike na nusu yao hawajafika miaka 28. Ni umri wa kuzaa. Wengi hugundua wana ugonjwa huo wakiwa wajawazito, kwa sababu damu mwilini huongezeka kwa asilimia kati ya 40 na 50 na vali iliyobana haiwezi kuipitisha.

Sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 huzuia uharibifu usiendelee. Ni dawa ya bei nafuu, lakini hudumu miaka, na binti anayeolewa na kuhamia kijiji kingine cha ziwani huenda akaiacha sindano yake alikotoka.

Baada ya arobaini

Ugonjwa wa tatu ndio usiofahamika kabisa, nao humpata mwanamke peke yake. Ni kudhoofika kwa msuli wa moyo kunakotokea mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, kwa mama ambaye hakuwa na ugonjwa wa moyo hapo awali. Mwafrika na mwenye asili ya Kiafrika hupatwa zaidi. Hatari huongezeka kwa mama aliyezaa mara nyingi, mwenye umri mkubwa, aliyebeba pacha au aliyepata shinikizo la damu katika ujauzito.

Kigezo cha kuzaa mara nyingi kinaihusu Kigoma moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa mwanamke wa Kanda ya Magharibi, yaani Tabora na Kigoma, angezaa kwa wastani watoto 6.7 katika maisha yake. Hakuna kanda iliyokuwa na wastani mkubwa kuliko huo.

Dalili zake zina ubaya wa kufanana na uzazi wenyewe. Miguu huvimba. Mama huchoka. Hutweta akipanda ngazi au akitoka kisimani, hukohoa usiku, na hawezi kulala chali bila kuegemea mito. Mara kwa mara huamka akitafuta hewa. Bibi na mashangazi, ambao wamewaona wazazi wengi, husema ni uchovu wa kulea na kukosa usingizi. Mara nyingi wanasema kweli, na ndiyo maana ile mara moja ambayo si kweli hupita bila kutambuliwa.

Katika familia za Ujiji, kama kwingine kwenye utamaduni wa Waswahili, mzazi hukaa ndani siku 40 akihudumiwa. Kliniki nazo zina kalenda inayokaribiana sana na hiyo, kwani hudhurio la mwisho la mama baada ya kujifungua ni la siku ya 42. Mila na hospitali zimekutana katika kumtoa mzazi uangalizini kwa wakati mmoja. Moyo wake, hata hivyo, bado una zaidi ya miezi mitatu ya hatari mbele yake. Kuanzia hapo mama hufika kliniki kwa ajili ya chanjo na mizani ya mtoto, na anayepimwa ni mtoto.

Nigeria ina mfano unaofaa kutajwa. Katika mji wa Zaria, miaka ya 1970, madaktari walikuta ugonjwa huu kwa wingi usio wa kawaida miongoni mwa wanawake wa Kihausa. Walishuku mila ya arobaini ya huko: mzazi hunywa uji uliotiwa chumvi ya magadi kutoka eneo la Ziwa Chad, hulala kwenye kitanda cha udongo kilichowashiwa moto chini yake, na huogeshwa kwa maji ya moto. Tafiti za baadaye za Nigeria hazikuthibitisha kwamba mila hizo ndizo chanzo, hivyo si haki kuzihukumu. Jambo lililobaki bila ubishi ni kwamba mama mwenye moyo dhaifu hapaswi kuongezewa chumvi.

Ugonjwa huu huua kwa njia mbili. Katika uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, wakifuatiliwa wanawake 739 kutoka nchi 49, asilimia 6 walifariki ndani ya miezi 6. Kati ya vifo hivyo, asilimia 30 vilikuwa vya ghafla. Upande wa pili una matumaini: karibu nusu ya wanawake hao, asilimia 46, mioyo yao ilirudi katika nguvu za kawaida katika muda huohuo wa miezi sita. Hao ni wanawake waliotambuliwa na kutibiwa.

Kinachoutambua ni kipimo cha eko, ambacho huupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti na kuonyesha unasukuma kiasi gani. Mama hapaswi kukisubiri nyumbani. Kutweta akiwa amelala, miezi miwili au mitatu baada ya kujifungua, ni sababu ya kutosha ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni au kituo kilicho karibu na kusema wazi: nilijifungua tarehe fulani. Bila tarehe hiyo, mtoa huduma huenda akamtibu kikohozi au pumu.

Pumzi, si maumivu

Moyo hausimami daima bila taarifa. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2023 matokeo yaliyoonyesha kuwa nusu ya waliopatwa walikuwa na dalili ndani ya saa 24 zilizotangulia. Kwa wanaume dalili iliyohusiana zaidi na hatari ilikuwa maumivu ya kifua. Kwa wanawake ilikuwa kupungukiwa pumzi.

Mtu anayengoja maumivu ya kifua ndipo aamini ni moyo, kwa mwanamke anaweza kungoja dalili isiyokuja. Mwanamke anayeanika dagaa mchangani Katonga na sasa anapumzika mara tatu katika kazi aliyokuwa akiimaliza bila kupumzika, ana habari ya kumpelekea daktari hata kama hana maumivu yoyote. Vilevile mchovu wa ghafla usioelezeka, kichefuchefu, maumivu ya taya au ya mgongo wa juu.

Ipo tofauti nyingine, ya umeme wenyewe. Baada ya kila pigo, moyo wa mwanamke huchukua muda mrefu kidogo zaidi kujiandaa kwa pigo linalofuata. Tofauti hiyo huanza kuonekana baada ya balehe. Baadhi ya dawa hurefusha muda huo, na ukizidi moyo unaweza kuingia katika mtetemo wa hatari. Takriban theluthi mbili ya wanaopatwa na tatizo hilo kwa sababu ya dawa ni wanawake.

Miongoni mwa dawa hizo kuna baadhi za magonjwa ya akili, viuavijasumu kama erithromaisini, na dawa za malaria za zamani kama halofantrini. Dawa mseto inayotumika nchini, ALu, haina rekodi hiyo kwa dozi ya kawaida, na malaria isiyotibiwa ni hatari kubwa zaidi kwa mkazi wa Kigoma. Tatizo hujitokeza zaidi dawa kadhaa zinapochanganywa kutoka duka la dawa bila ushauri, au mgonjwa anapokuwa amepoteza madini ya potasiamu kwa kuhara na kutapika. Mwanamke aliyewahi kuzimia, au ambaye katika ukoo wake vijana wamekufa ghafla, amweleze mtoa huduma kabla ya kuandikiwa dawa.

Mikono inayosita

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipitia matukio 19,331. Katika maeneo ya wazi, wanaume asilimia 45 walikandamizwa kifua na wapita njia, wanawake asilimia 39. Majumbani tofauti hiyo ilikaribia kutoweka. Watu walipoulizwa baadaye kwa nini husita, walitaja woga wa kudhaniwa wanamshika mwanamke vibaya, woga wa kumuumiza, na dhana kwamba mwanamke aliyeanguka amezimia tu.

Woga huo hauhitaji kusafirishwa kutoka Marekani. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Ujiji, mwanamume asiye maharimu wake akiweka mikono kifuani mwa mwanamke barabarani, atatazamwa. Lakini fikihi yenyewe ina kanuni mashuhuri kwamba dharura hufanya kilichokatazwa kiwe ruhusa, na hakuna dharura kubwa kuliko pumzi iliyokatika. Haya ni mambo ambayo imamu anaweza kuyasema kwa dakika tano baada ya swala ya Ijumaa, naye atasikilizwa kuliko bango la hospitali.

Tena sitara haipotei. Kifua hukandamizwa juu ya nguo; buibui au kanga si kizuizi. Kinachopaswa kuondolewa ni mzigo, mtoto aliyebebwa au nguo nzito. Wanawake waliopo wanaweza kusimama na kutanda kanga kuzunguka.

Mahali pa mikono ni palepale kwa jinsia zote: katikati ya kifua, juu ya mfupa, kati ya matiti na si juu ya titi. Kiganja kimoja juu ya kingine, mikono imenyooka, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kiachwe kipande kila mara. Asiyefundishwa kupuliza pumzi asipoteze muda. Aendelee na kifua. Mbavu zinaweza kulia au kuvunjika. Mbavu huunga.

Kwa mjamzito ambaye tumbo limefika kitovuni au zaidi, mtu wa pili husukuma tumbo kwa mikono kuelekea kushoto kwa mama, ili mtoto asiulalie mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mama akiokolewa, mtoto naye ana nafasi.

Hata mafunzo yana upungufu. Watafiti nchini Australia walichunguza sanamu 20 za kufundishia huduma hii zinazouzwa duniani na kuripoti mwaka 2024 kuwa 19 zilikuwa na kifua bapa. Wanaofundisha wangeweza kuanza kwa kuivisha sanamu yao kanga.

Mbali na barabara

Nchini Tanzania idara ya kwanza ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanzishwa mwaka 2015. Zote ziko Dar es Salaam, takriban kilometa 1,250 kwa reli kutoka Kigoma. Taasisi hiyo imekuwa ikiwapeleka madaktari wake mikoani kwa huduma ya tiba mkoba, na siku hizo ndizo za kuziwahi kwa mwenye barua ya rufaa ya eko.

Ndani ya mkoa wenyewe kuna vijiji ambavyo njia yake ni maji. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga, meli ya MV Liemba ndiyo iliyotumika kuwasogeza Kigoma, kwa kuwa kijiji hicho hakikuwa na barabara. Mgonjwa wa kijiji cha namna hiyo hutegemea boti, upepo na mafuta. Kwa moyo uliokwisha kusimama, safari hiyo haina maana. Yenye maana ni ile inayofanyika wiki kadhaa kabla, mgonjwa akiwa bado anatembea.

Kwa akina mama upo msaada ambao wanaume hawana. Mwaka 2022 ulizinduliwa kwa ajili ya nchi nzima mfumo wa m-mama, unaowapatia usafiri wa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kwa kupiga namba 115 bila malipo. Mjamzito au mzazi anayetafuta hewa usiku ni dharura kama alivyo mwenye kutokwa damu, ingawa majirani wengi huikumbuka namba hiyo kwa uchungu wa kuzaa tu.

Mama aliyenusurika hubaki na uamuzi mmoja mgumu. Ikiwa eko inaonyesha moyo wake haujarudi katika nguvu za kawaida, madaktari hushauri asibebe mimba nyingine, kwa kuwa hatari ya moyo kushindwa tena, na kusimama, ni kubwa. Njia ya uzazi wa mpango anayopewa huchaguliwa kwa kuangalia moyo wake, na dawa zake za moyo hazikatizwi bila ushauri wa daktari eti kwa sababu anajisikia vizuri. Mazungumzo hayo hufanyika kliniki, mara nyingi mama akiwa peke yake, kisha anatakiwa kuyarudia nyumbani mbele ya mume na mama mkwe wanaongoja mtoto mwingine. Inafaa mume aitwe siku ya majibu, aonyeshwe picha ya eko na aelezwe na daktari mwenyewe.